Marehemu wasioandikwa hawaingii kwenye bajeti ya afya

KILA mwaka, kabla ya Julai mosi, halmashauri zetu za miji na wilaya hukaa na kupanga fedha za afya. Madiwani hujadili, hupitisha, na sisi wananchi huja kupata habari baadaye tukifika zahanati na kuambiwa dawa hakuna. Hapo ndipo maneno huanza. Wako wanaoilaumu serikali, wako wanaowalaumu wauguzi, na wako wanaoguna tu na kuondoka. Wachache sana hujiuliza swali ambalo kwangu mimi ndilo la kwanza: Hao waliozigawa zile fedha walitumia kipimo gani kujua ni maradhi yapi yanayotumaliza?

Katika makala haya nakusudia tujifunze jambo hilo kwa mfano uliotokea hapa hapa nchini, si Ulaya wala Marekani. Ni mfano wa wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, ambazo miaka ya tisini zilikubali kupanga fedha zao za afya kwa kufuata utafiti badala ya mazoea. Wageni kutoka mbali wameusoma na kuuandikia vitabu, nasi wenyewe tumekaribia kuusahau.

Swali lilivyoanza

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti yake ya maendeleo iliyohusu afya. Ripoti ile ilidai kuwa nchi maskini inaweza kupunguza sana maradhi na vifo kama itatumia kiasi cha dola 12 kwa kila mtu kwa mwaka, mradi fedha hizo ziende kwenye huduma chache zilizochaguliwa kwa hesabu. Wengi walitilia shaka. Tanzania wakati ule haikufikia kiwango hicho. Matumizi yote ya afya yalikuwa kama dola 8 tu kwa kila mtu. Je, hoja hiyo ilikuwa ya kweli, au ni maneno ya wataalamu wanaokaa mbali na wagonjwa?

Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Maendeleo cha Kanada kikataka jambo hilo lijaribiwe. Wizara yetu ya Afya ikakubali lijaribiwe hapa. Ndipo ukazaliwa mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP, uliofanya kazi katika wilaya hizo mbili, zenye jumla ya watu wapatao 700,000, kuanzia mwaka 1996 hadi 2004. Mradi haukujenga hospitali kubwa wala kuleta madaktari wa kigeni kuja kutibu. Uliwapa timu za afya za wilaya vitu viwili: fedha kidogo za nyongeza, na habari za kweli kuhusu vifo vya watu wao.

Kuhesabu nyumba kwa nyumba

Hapa pana somo kubwa. Zahanati zetu zina vitabu vya MTUHA, ambamo kila mgonjwa anayefika huandikwa. Vitabu hivi vina faida, lakini vina upungufu mmoja ambao hauwezi kuzibwa kwa kuvijaza vizuri zaidi: havimwoni asiyefika. Mtoto aliyefia nyumbani usiku kwa homa, au mama aliyefia njiani akipelekwa hospitali, hayumo ndani ya MTUHA. Na katika maeneo yale watu wengi walikuwa wakifia majumbani. Kwa hiyo mpangaji aliyetegemea vitabu vya zahanati peke yake alikuwa akiwapangia waliofika, na waliokufa wakaachwa nje ya hesabu.

Dawa yake ilikuwa kwenda kwa watu. Rufiji, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1998, wahesabuji walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba mara tatu kwa mwaka katika eneo lenye watu wapatao 85,000. Waliuliza nani kazaliwa, nani kahamia, nani kahama na nani kafariki. Penye msiba, baada ya muda kupita, alifika mtu aliyefunzwa, akatoa pole, kisha akakaa na yule aliyemuuguza marehemu na kumuuliza kwa utaratibu. Homa ilianza lini? Alikohoa? Alipumua kwa shida? Aliharisha? Alipata degedege? Mlimpeleka wapi kwanza? Majibu yaliandikwa kwenye fomu, na fomu zikasomwa na madaktari, kila mmoja peke yake, ili kukadiria sababu ya kifo.

Ndugu msomaji, zingatia jambo hili, kwani linatugusa sisi moja kwa moja. Kwetu maiti huharakishwa kuzikwa. Akifariki alfajiri, mara nyingi ikifika alasiri keshazikwa, na familia nyingi hazitaki kusikia habari ya mwili kupasuliwa ili kutafuta chanzo cha kifo. Kwa sababu hiyo wapo waliodhani kuwa katika jamii kama zetu sababu za vifo haziwezi kujulikana. Rufiji, wilaya ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu, ilithibitisha kuwa zinaweza kujulikana. Hakuguswa maiti wala hakucheleweshwa. Kilichohitajika ni mtu mwenye adabu anayejua kuuliza, na familia iliyo tayari kujibu.

Mizani ilipowekwa

Baada ya kupata habari za vifo, zilipangwa kwa kipimo cha miaka ya uhai iliyopotea. Maana yake ni nyepesi. Mzee wa miaka 75 akifariki, na mtoto wa mwaka mmoja akifariki, vyote ni vifo na vyote ni msiba. Lakini mtoto yule amepoteza miaka mingi zaidi ambayo angeweza kuishi. Ukijumlisha miaka hiyo kwa kila ugonjwa, unapata sehemu yake katika mzigo wote wa maradhi ya wilaya. Kisha unafungua daftari la fedha na kutazama kila ugonjwa unapewa sehemu gani ya bajeti. Unaweka mizani.

Morogoro mizani ilisema hivi. Malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu. Maradhi ya watoto yanayokwenda kwa pamoja, yaani nimonia, kuharisha, utapiamlo, surua na malaria ya watoto, yalichukua asilimia 28 ya mzigo na kupewa asilimia 13 ya fedha. Upande wa pili, kifua kikuu kilikuwa na chini ya asilimia 4 ya mzigo, lakini kilipewa asilimia 22 ya bajeti. Maradhi yanayozuiwa kwa chanjo yalikuwa na asilimia 4 ya mzigo na asilimia 13 ya fedha.

Je, waliopanga hivyo walikuwa wabaya? Hapana. Kilichotawala ni mazoea. Bajeti ya mwaka huu hunakiliwa kutoka ya mwaka jana na kuongezwa kidogo. Tena kila mfadhili huja na fungu lake lenye jina la ugonjwa wake, na wilaya haiwezi kulihamisha. Malaria haikuwa na mtetezi mezani, kwa sababu waliokuwa wakifa nayo ni watoto wadogo, majumbani, vijijini, na vifo vyao havikuandikwa popote.

Nini kilifuata

Timu za wilaya zilipoona picha hiyo, zilianza kuhamisha mkazo. Vyandarua vyenye dawa vilipewa nafasi. Wahudumu wa zahanati walifunzwa kumchunguza mtoto mzima badala ya kutibu dalili moja aliyoletewa: aliyeletwa kwa homa akaguliwe pia upumuaji, kuharisha, lishe na chanjo. Dawa ziliagizwa kwa kufuata maradhi yaliyopo. Usimamizi uligawanywa ili zahanati za mbali zisikae miezi bila kutembelewa, na simu za upepo zikawekwa ili mgonjwa mahututi aweze kuitiwa gari. Wanakijiji nao walishirikishwa kukarabati majengo ya zahanati kwa nguvu zao.

Kiasi cha fedha nacho kina mafunzo. Wilaya ziliahidiwa nyongeza ya hadi dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka. Zilipoanza kazi, ziliweza kutumia kiasi cha senti 80 za dola tu. Tumezoea kusema tatizo letu ni fedha, na ni kweli fedha ni chache. Lakini hapa zilikuwapo, na kilichopungua ni uwezo wa kuzipanga na kuzisimamia.

Matokeo yakaonekana. Rufiji, kati ya mwaka 1999 na 2000 peke yake, vifo vya watoto wachanga wa chini ya mwaka mmoja vilishuka kutoka 100 hadi 72 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Katika muda wa miaka mitano iliyoishia mwaka 2003, vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Tahadhari kwa msomaji

Sasa mwanafunzi mzuri hamezi takwimu bila kutafuna. Nina tahadhari mbili.

Ya kwanza, tusiseme kuwa upungufu wote ule ulitokana na mradi mmoja. Katika miaka hiyo vifo vya watoto vilikuwa vikishuka nchi nzima. Ndiyo maana watafiti walizilinganisha wilaya hizi na jirani zake, Kilombero na Ulanga, ambazo hazikuwa zimeanza ule utaratibu wa kumchunguza mtoto mzima. Katika kipindi cha miaka miwili cha ulinganisho, vifo vya watoto vilikuwa chini kwa asilimia 13 katika wilaya zilizoutumia, na gharama ya kumhudumia mtoto haikuwa kubwa zaidi. Hiyo ndiyo faida ya kulinganisha. Anayekuletea takwimu za sehemu moja tu, muulize: Na kwa jirani ambaye hakufanya hivyo, hali ilikuwaje?

Ya pili ni muhimu zaidi. Mizani haisemi kuwa asilimia ya fedha lazima ilingane na asilimia ya mzigo. Ukiona surua na pepopunda vinaua wachache, huenda ni kwa sababu chanjo inafanya kazi yake. Ukiondoa fedha za chanjo kwa kuwa vifo ni vichache, baada ya muda mfupi vifo vitarudi. Kifua kikuu nacho kina matibabu marefu, na anayeachwa bila kutibiwa huwaambukiza wengine. Utafiti haukuja kuondoa akili ya mpangaji. Unamwonyesha mahali pa kuuliza, kisha yeye na wananchi waamue.

Utafiti huondoa lawama zisizo na msingi

Kuna jambo jingine la Rufiji ambalo napenda lijulikane. Kwa muda mrefu imesemwa kuwa watu wa Pwani hufa kwa malaria kwa sababu ya ujinga, kwamba mtoto akishikwa na degedege hupelekwa kwa mganga wa kienyeji hadi afe. Maneno haya yalisemwa ofisini na kwenye semina, na tiba iliyopendekezwa ikawa ni kuwapa watu elimu, yaani kuwakaripia.

Watafiti wakafuatilia watu waliofariki kwa malaria Rufiji kati ya mwaka 1999 na 2001, na kuuliza familia zao walikwenda wapi kwanza. Karibu watu 8 katika kila 10 walikuwa wametafuta kwanza tiba ya kisasa. Hata pale palipokuwa na degedege, wengi walifika kwenye tiba hiyo. Walifika, na bado wakafa.

Ukifikiri, jawabu hili linabadilisha sera nzima. Ikiwa watu hawaendi zahanati, wapelekee wahamasishaji. Ikiwa wanakwenda na kufa, basi kagua zahanati yenyewe: dawa zipo, zinafanya kazi, mhudumu yupo, na mgonjwa akizidiwa kuna usafiri? Katika miaka hiyo hiyo klorokwini ilikuwa imeshindwa nguvu na vimelea vya malaria, na serikali ikaiacha mwaka 2001. Dawa ya SP iliyochukua nafasi yake nayo ikaanza kushindwa, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2007 dawa mseto ya ALu ilikuwa imeshika nafasi. Mama aliyewahi zahanati na kupewa klorokwini hakuwa mjinga. Dawa ndiyo iliyokuwa haifai, na waliogundua hilo ni watafiti waliopima.

Na sisi wa mjini?

Huenda msomaji wa Dar es Salaam akasema hayo ni mambo ya vijijini. La hasha. Jiji lenyewe lina mfano wake.

Mwaka 2004 halmashauri za jiji zilianzisha mpango wa kudhibiti malaria mijini katika kata 15. Kwanza walichora ramani, mtaa kwa mtaa, hadi ngazi ya nyumba kumi, wakitumia watu wa mtaa huo huo kwa kuwa wanajua kila uchochoro na kila dimbwi. Machi 2006 wakaanza kupuliza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu katika kata tatu: Buguruni, Mikocheni na Kurasini. Dawa yenyewe hutokana na bakteria wanaodhuru viluwiluwi na si binadamu. Madimbwi ya wazi yalipulizwa kila wiki.

Katika mwaka wa kwanza wa upulizaji, uwezekano wa mtoto wa chini ya miaka mitano kukutwa na vimelea vya malaria ulipungua kwa takriban asilimia 72 katika kata zilizopulizwa. Utafiti huo ulionyesha pia kuwa mbu wa malaria wa Dar es Salaam huuma sana watu wakiwa nje, kabla hawajaingia kwenye chandarua. Kwa hiyo chandarua kinafaa, lakini mjini hakitoshi peke yake. Hilo hungelijua kwa kukisia.

Baada ya hapo, mwaka 2015, kiwanda cha kutengeneza dawa hizo kilifunguliwa Kibaha, na mwaka 2017 Rais Magufuli aliziagiza halmashauri zinunue dawa kutoka hapo. Lakini kuwa na dawa na kuitumia ipasavyo ni mambo mawili. Kilichofanikiwa mwaka 2006 kilikuwa ni ramani, mtu wa mtaa anayelijua kila dimbwi, ratiba ya kila wiki, na mkaguzi anayepita nyuma yake kuona kama viluwiluwi vimekufa. Ukinunua dawa bila hayo, unamwaga fedha kwenye maji.

Mfano wa pili wa mjini ni kiharusi. Katika miaka ya tisini mradi mwingine wa kuhesabu vifo ulifanya kazi katika maeneo ya Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2000 yaliwashangaza wengi: watu wazima wa umri wa kufanya kazi walikuwa wakifa kwa kiharusi kwa viwango vilivyo juu kuliko vya Uingereza. Hadi wakati huo shinikizo la damu lilihesabiwa kuwa ni maradhi ya matajiri. Wangapi katika mitaa yetu wameanguka ghafla, tukasema karogwa, au tukasema tu siku zake zimefika, na hakuna aliyewahi kumpima presha hata mara moja?

Tufanye nini?

Kwanza, tuandikishe vifo. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Hali halisi ni kwamba wengi wetu hukumbuka cheti cha kifo pale tu panapokuwa na mirathi, nyumba au fedha za benki. Mtoto mchanga hana mirathi, kwa hiyo haandikishwi, na asipoandikishwa hakuwahi kuishi mbele ya macho ya mpangaji. Kamati za mazishi katika misikiti yetu zinawajua wafu wote wa mtaa. Zikiwa na daftari lenye jina, umri, tarehe na maradhi aliyougua marehemu, na zikiwahimiza wafiwa kwenda kuandikisha, zitakuwa zimewafanyia kazi kubwa walio hai.

Pili, tukihojiwa na watafiti wenye vibali, tujibu kwa ukweli, na tuwadai warejeshe matokeo mtaani kwa Kiswahili. Haifai mtaa utoe habari zake na msiba wake, kisha majibu yaende kusomwa ng'ambo.

Tatu, twende kwenye mikutano ya mitaa na tumuulize diwani maswali machache yanayojibika. Katika kata yetu, maradhi matano yanayoua zaidi ni yapi, na umejuaje? Kila moja limetengewa kiasi gani katika mpango wa afya wa halmashauri? Fedha za mwaka jana zilitumika zote, na kama hazikutumika, kwa nini? Zahanati yetu ilikosa dawa gani, kwa siku ngapi? Bodi ya afya ya halmashauri na kamati ya kituo chetu zilikaa lini mara ya mwisho, na nani anatuwakilisha humo?

Nne, tuanze na tuliyo nayo mikononi. Maji ya udhu yanatuama wapi nyuma ya msikiti wetu? Zahanati zetu wenyewe zinajaza MTUHA kila mwezi na kuipeleka halmashauri, au vitabu vinakaa kabatini? Haiwezekani kuidai serikali takwimu ambazo sisi wenyewe tumezikalia.

Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa nchini, 147 walikuwa hawafikishi miaka mitano. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 43. Ni hatua kubwa, alhamdulillah, na imetokana na mengi: chanjo, vyandarua, dawa bora na kina mama wenyewe. Lakini hao 43 si namba tu. Kila mmoja ana mama yake katika mtaa fulani, na mtaa huo una diwani, na diwani ana kura katika bajeti ijayo. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba siku ile atakaponyoosha mkono kupitisha, atakuwa anajua anapitisha nini na ni nani amesahauliwa.